Kipokezi kimoja, majibu mengi: seli T hujifunzaje kuuvumilia mwili

Mwanafunzi mmoja wa maabara ya tiba ameniandikia hivi: “Shikamoo mwalimu. Tumefundishwa kwamba seli T zinazoweza kuushambulia mwili huuawa kwenye thaimasi kabla hazijatoka. Kama ni kweli, wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza na wa lupasi wanatoka wapi? Halafu seli T moja ina kipokezi cha aina moja tu. Inawezaje kukitumia kipokezi hichohicho kushambulia virusi leo na kuuacha mwili kesho? Na kama tatizo ni ishara kuwa kali mno, kwa nini tusiipunguze kwa dawa, ustahimilivu ukarudi wenyewe?”

Marahaba. Kwa msomaji mgeni: seli T ni chembe nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi, thaimasi ni tezi ya kifuani zinamokomaa, na kisukari cha aina ya kwanza na lupasi ni magonjwa ya kinga kuushambulia mwili; kinga kuuacha mwili ndiko tunakoita ustahimilivu. Umeuliza maswali matatu, lakini mzizi wake ni mmoja, na ukiushika huo mengine yatafunguka. Mzizi ni huu: kipokezi cha seli T hakijui lolote kuhusu mwili wala adui. Kinachokijua ni kushika na kuachia. Maana ya kilichoshikwa hupatikana ndani ya seli, kutokana na muda ambao mshiko umedumu, ishara nyingine zilizofika pamoja nao, na protini zilizoingia kwenye kiini zikiwa zimeandamana. Seli inayouvumilia mwili imesikia, imepima, ikajibu. Watu wengi hudhani ustahimilivu ni ukimya, na dhana hiyo ndiyo inayofanya swali lako la tatu lionekane rahisi kuliko lilivyo.

Tuanze na mshiko. Kila seli T hujitengenezea kipokezi kwa kuchanganya vipande vya jeni bila mpango, hivyo mwili hupata vipokezi vya maumbo mengi mno, na baadhi yake lazima vitaangukia protini za mwili wenyewe. Kipokezi hakishiki virusi vizima. Hushika peptidi, yaani kipande kifupi cha protini, kilichobebwa na molekuli za HLA kwenye uso wa seli nyingine. Karibu seli zote za mwili hutandaza peptidi zao hivyo usiku na mchana, na ukiondoa siku za ugonjwa, peptidi hizo zote ni za mwili. Seli T inayopita kwenye tezi za limfu hugusa peptidi za nyumbani kwa wingi usiohesabika kabla haijakutana na moja ya kigeni. Hata hivyo peptidi 10 za kigeni, au pungufu ya hapo, zinatosha kuiamsha. Fikiria ugumu huo: kupuuza maelfu, kisha kutopitwa na 10.

Kipokezi chenyewe hakina mkia wa kupeleka ishara ndani. Kazi hiyo hufanywa na minyororo ya CD3 iliyoshikamana nacho. Minyororo hiyo kwa jumla ina sehemu 10 ziitwazo ITAM, na kila ITAM ina tairosini mbili (tairosini ni mojawapo ya asidi amino, vijenzi vya protini). Peptidi ikishikwa, kinasi (kimeng'enya cha kupachika fosfeti) iitwayo Lck, ambayo huletwa karibu na protini za uso wa seli T ziitwazo CD4 au CD8, hupachika fosfeti kwenye tairosini hizo. ITAM ikishapata fosfeti zote mbili, kinasi ya pili, ZAP-70, hutua hapo, nayo huamshwa na kuanza kupachika fosfeti kwenye LAT, protini iliyokita kwenye utando wa seli. LAT ikishapata fosfeti za kutosha, protini nyingine hukusanyika juu yake na ishara huanza kusambaa ndani.

Kila hatua kati ya hizo huchukua muda, na peptidi ikiachia kabla ya mwisho, fosfatasi zilizo karibu, yaani vimeng'enya vya kuondoa fosfeti, hufuta kazi yote iliyofanyika. Ni kama kupanda ngazi ambayo ukiachia mkono mara moja unarudi chini kabisa. Mwaka 1995 Timothy McKeithan alieleza kwa hesabu jinsi mpangilio wa namna hii unavyoweza kugeuza tofauti ndogo ya sekunde kuwa tofauti kubwa ya jibu. Peptidi ya mwili hushikwa kidogo na kuponyoka. Ya kigeni inayolandana na kipokezi hubaki sekunde chache zaidi, na sekunde hizo ndizo zinazoifikisha ishara kileleni.

Kuna jambo moja kwenye LAT ambalo kila nikilifundisha hunifurahisha upya. Tairosini yake ya 132, ile inayoita kimeng'enya kiitwacho PLC-gama-1, hupachikwa fosfeti polepole kuliko nyingine. Sababu ni kwamba asidi amino iliyo jirani yake, glaisini ya 131, haivutii ZAP-70. Watafiti walipoiondoa glaisini hiyo na kuweka aspateti, tairosini ile ilianza kupata fosfeti haraka, na seli T zikaanza kujibu peptidi dhaifu ambazo kabla ya hapo zilizipuuza, zikiwamo za mwili. Ule uzito wa hatua, kwa maneno mengine, una kazi. Uchelewaji uliokaa kwenye asidi amino moja unachangia kutuzuia tusijile wenyewe.

Sasa ishara imevuka. PLC-gama-1 hukata mafuta fulani ya kwenye utando na kutoa molekuli mbili, IP3 na DAG, na hapa njia hugawanyika. IP3 hufungua akiba ya kalsiamu iliyo ndani ya seli. Akiba ikipungua, milango ya utando hufunguka na kalsiamu ya nje humiminika ndani. Kalsiamu huamsha kalsinurini, nayo kalsinurini huiondolea fosfeti protini iitwayo NFAT, ambayo hapo hupata ruhusa ya kuingia kwenye kiini na kuwasha jeni. DAG hupita kwingine: huamsha protini za kupokezana ishara, Ras kisha ERK, na mwisho wake ni protini iitwayo AP-1, tena huamsha kinasi PKC-theta, na mwisho wake ni NF-kapa-B; AP-1 na NF-kapa-B nazo huwasha jeni. Mengine ya njia hizi unaweza kuyaacha kwa sasa. NFAT naomba usiisahau, kwa kuwa nitairudia hadi mwisho. Kuingia kwake tu hakutoshi kueleza kitakachotokea: jibu la seli hutegemea sana NFAT imeingia kiini ikiwa na nani.

Twende kwenye thaimasi, na swali lako la kwanza. Chembe changa za seli T huko hupimwa kwa peptidi za mwili peke yake, maana za kigeni hakuna. Isiyoshika chochote hufa kwa kukosa ishara, na hizo ndizo nyingi. Inayoshika kwa wepesi huruhusiwa kuishi. Inayoshika kwa nguvu huuawa, au wakati mwingine hugeuzwa kuwa aina nyingine nitakayoieleza baadaye. Kipokezi ni kimoja, mnyororo wa ishara ni uleule, na majibu ni kinyume kabisa: kuishi na kufa. Inawezekanaje?

Sehemu kubwa ya jibu imo katika umbo la ishara kwenye muda. Mshiko mwepesi huamsha ERK taratibu na kuiacha ikiwaka kwa muda mrefu. Mshiko mkali huiwasha kwa kishindo kisha ikazimika. Mwaka 2006 ilionyeshwa pia kwamba mahali panatofautiana: kwa mshiko mkali, Ras na wenzake hukusanyika kwenye utando wa nje, na kwa mshiko mwepesi hukutwa ndani zaidi, kwenye vifuko vya Golji. Seli husoma mwendo na mahali, si ukubwa tu. Pale inaposoma hatari, kiwango cha protini iitwayo Bim hupanda, na Bim ndiyo inayofungua mlango wa kifo cha seli.

Tena mtihani wa thaimasi ni mkali kuliko maisha ya nje. Chembe changa huwa na wingi wa kipande kidogo cha RNA kiitwacho miR-181a, ambacho hupunguza fosfatasi kadhaa, hivyo mguso ambao seli pevu isingeujali, chembe changa huusikia. Seli ikishahitimu, usikivu wake hushuka. Zile zilizosikia zaidi wakati wa mtihani hupewa CD5 nyingi zaidi kwenye uso wao, na CD5 ni breki. Kila seli hutoka na breki iliyopimwa kulingana na hatari yake yenyewe. Ukiitafakari hii utaona kwa nini nakataa picha ya mlinzi wa getini anayesema “pita” au “rudi.” Thaimasi pia hurekebisha kila anayepita.

Lakini thaimasi itazipimaje chembe changa kwa insulini, wakati insulini hutengenezwa kwenye kongosho? Jibu la fumbo hilo lilianza kupatikana mwaka 1997, jeni iitwayo AIRE ilipotambuliwa kwa watu wenye ugonjwa wa kurithi unaoharibu tezi za paradundumio na za adrenali, pamoja na kuwaletea utando mweupe wa fangasi usiokoma mdomoni. AIRE huzifanya seli fulani za ndani ya thaimasi zitoe kidogo kidogo protini za viungo vya mbali, insulini ikiwamo, ili chembe changa zizione mapema. AIRE ikikosekana, chembe zile hazikupewa ishara ya kuzizuia, na zikitoka hukutana na viungo kama wageni.

Hata AIRE ikiwa nzima, mchujo hauwezi kuwa kamili. Si protini zote za mwili huonyeshwa humo, wala si kwa kiwango kinachotosha. Baadhi ya protini hubadilishwa baada ya kutengenezwa, na umbo jipya halikuwahi kufika thaimasi. Na kuna sababu nzito zaidi: kizingiti kikishushwa mno ili kuua kila seli yenye mashaka, zitakazobaki zitakuwa chache na hafifu, na mwili utakosa wa kuukinga. Peptidi za virusi hufanana na zetu kuliko tunavyodhani. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba ulichofundishwa ni kweli nusu. Katika damu ya kila mtu mzima mwenye afya zimo seli T zinazoweza kushika protini za mwili wake. Wagonjwa na wazima wote wanazo. Kinachowatofautisha ni yale yanayotokea baada ya hapo.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na kipokezi kimoja hakiamshi seli T ambayo haijawahi kukutana na antijeni yake, yaani kile kinacholandana na kipokezi chake. Inahitaji ishara ya pili, ambayo mara nyingi hupitia CD28, kipokezi kingine cha seli T, ikishikwa na CD80 au CD86 zilizo kwenye seli za dendriti, ambazo kazi yake ni kuzionyesha seli T peptidi. Seli za dendriti huongeza molekuli hizo zinapohisi alama za vijidudu, au majeraha ya tishu. Zikiwa tulivu, huonyesha peptidi za mwili bila kupandisha CD80 na CD86. Angalia uzuri wa mpangilio: kipokezi kinasema “nimeshika kitu,” na seli ya dendriti ndiyo inayotoa habari za mazingira, kama pana hatari au hapana.

Mwaka 1987 Marc Jenkins na Ronald Schwartz walizipa seli T ishara ya kwanza bila ya pili. Wengi wangetarajia kwamba hakuna kitakachotokea. Badala yake seli zile zilibaki hai lakini zikawa bwete: hata zilipopewa ishara zote mbili baadaye, zilishindwa kutengeneza IL-2, saitokini (protini ya kupeleka ujumbe kati ya seli) ya kukuza seli T. Zilikuwa zimefundishwa kunyamaza. Hali hiyo huitwa aneji, na kwa muda mrefu haikujulikana imeandikwa wapi ndani ya seli.

Iliandikwa na NFAT. Katika seli iliyopata ishara zote mbili, NFAT huingia kiini pamoja na AP-1, na wawili hao hukaa bega kwa bega juu ya DNA ya jeni ya IL-2 na jeni nyingine za mashambulizi. Ishara ya kwanza ikija peke yake, kalsiamu hupanda na NFAT huingia, ila AP-1 haitoshi. Mwaka 2002 kundi la Anjana Rao lilionyesha kwamba NFAT isiyo na mwenza haikai bure: huwasha jeni nyingine kabisa. Miongoni mwa zinazoongezeka katika seli bwete ni DGK-alfa, kimeng'enya kinachoibadili DAG, hivyo njia ya Ras hukosa chakula. Na Cbl-b, ambayo huzipachika protini za ishara alama ya yubikuitini, nazo huharibiwa au huondolewa kazini. Kwa hiyo safari ijayo kipokezi kikishika, kalsiamu inaweza kupanda vizuri lakini tawi la DAG limekatwa mapema. Aneji ni seli iliyojengea kuta njia yake yenyewe. Panya waliozaliwa bila Cbl-b wana seli T zisizohitaji CD28 ili ziamke, na panya hao huelekea kirahisi kwenye magonjwa ya kinga kuushambulia mwili.

Kuta hizo zinaweza kubomoka. IL-2 nyingi ikifika kutoka kwa seli jirani, seli bwete huweza kuamka tena. Huenda ndiyo sababu maambukizi makali, yenye saitokini tele na seli za dendriti zilizochangamka, wakati mwingine hutangulia mtu kuugua maradhi haya. Seli zilikuwepo muda wote.

Juu ya kuta zimewekwa breki. Seli T ikishaamka hupandisha CTLA-4, ambayo hushika CD80 na CD86 kwa nguvu kuliko CD28 na hata kuzing'oa kutoka kwenye seli ya dendriti na kuzimeza. Mwaka 1995 panya waliokosa CTLA-4 walikufa wakiwa na wiki tatu hadi nne tu, viungo vyao vimejaa seli T. Mwaka 2014 ilielezwa kwamba watu wenye nakala moja nzima ya jeni hii badala ya mbili huweza kupata mashambulizi ya kinga kwenye utumbo, mapafu, damu na hata ubongo. Nusu ya breki haitoshi. Breki ya pili ni PD-1, iliyogunduliwa na Tasuku Honjo na wenzake mwaka 1992. PD-1 ikishikwa huita fosfatasi iitwayo SHP-2, na utafiti wa 2017 ulionyesha kwamba SHP-2 hufuta zaidi fosfeti za CD28 kuliko za kipokezi chenyewe. Yaani PD-1 huinyang'anya seli ile ishara ya pili, na kuirudisha karibu na hali ya NFAT mpweke.

Ushahidi kwamba breki hizi zinafanya kazi kila siku ndani ya watu wazima tumeuona hospitalini. Dawa zinazofunga CTLA-4 na PD-1 zimebadilisha tiba ya saratani, kuanzia ipilimumab iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, na Honjo pamoja na James Allison walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Lakini baadhi ya wagonjwa wanaotibiwa nazo hupata mchochota wa utumbo mpana, wengine tezi ya dundumio huharibika, wachache hupata kisukari cha aina ya kwanza ndani ya wiki au miezi, na wachache zaidi mchochota wa misuli ya moyo ambao huweza kuua. Dawa haikuleta seli mpya mwilini mwao. Iliondoa mguu kwenye breki. Utakapokutana na sampuli za wagonjwa hawa maabara, homoni za dundumio na sukari zikiwa zimeyumba ghafla, kumbuka kwamba unatazama ustahimilivu uliofunguliwa.

Bado sijagusa zile seli zilizogeuzwa thaimasi badala ya kuuawa. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi alionyesha kwamba kundi dogo la seli T zenye CD4 na CD25, sehemu ya kipokezi cha IL-2, huzuia seli nyingine zisiushambulie mwili; ukiziondoa panya huugua, ukizirudisha hupona. Hizi ni seli T dhibiti, na kwa kawaida hazizidi kama moja katika kila seli 10 za CD4. Kwingineko, huko Oak Ridge Marekani, panya dume wenye ngozi ya magamba waliokufa mapema walikuwa wamezaliwa katika maabara tangu miaka ya 1940. Mary Brunkow na Fred Ramsdell waliifuatilia jeni ya panya hao kwa uvumilivu wa ajabu hadi wakaipata mwaka 2001, wakaiita FOXP3, na jeni hiyohiyo ikakutwa imeharibika kwa watoto wa kiume wenye ugonjwa wa IPEX, ambao wakiwa wachanga huharisha bila kukoma, hupata ukurutu na kisukari. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025.

Na FOXP3 inafanyaje kazi? Hapa NFAT inarudi. Mwaka 2006 iligundulika kwamba FOXP3 hushikana na NFAT juu ya DNA, mahali ambapo AP-1 ingekaa. Badala ya kuwasha IL-2, wawili hao huizima, na huwasha CD25 na CTLA-4. Ukikusanya yote: NFAT na AP-1, seli inashambulia, NFAT peke yake, seli inakuwa bwete, NFAT na FOXP3, seli inazuia wengine. Kalsiamu ileile, kalsinurini ileile. Hili ndilo jibu la swali lako la pili, na sijui jingine linaloeleza mengi hivi kwa machache hivi.

Seli dhibiti haijitengenezei IL-2 lakini ina CD25 nyingi ya kuinasia, hivyo huinywa IL-2 ya majirani. Hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: huwanyima wengine chakula, na huilisha STAT5 yake, protini inayopeleka ishara ya IL-2 kwenye kiini, ambayo huilinda FOXP3 isizimike. Kuzaliwa kwake pia kunategemea kipimo. Kipokezi kishikwe kwa nguvu, lakini si kupita kiasi, CD28 isikie, IL-2 ifike. Ishara ya AKT na mTOR, kinasi za njia ya ukuaji wa seli, ikiwa kali mno FOXP3 hukwama. Nje ya thaimasi, saitokini iitwayo TGF-beta huweza kuigeuza seli ya kawaida kuwa dhibiti, hasa kwenye utumbo, ambako asidi ya retinoiki na butireti inayotengenezwa na bakteria husaidia.

Sasa lile swali la tatu: kwa nini tusipunguze tu ishara. Ngoja nikuonyeshe panya aitwaye SKG. ZAP-70 yake ina asidi amino moja iliyobadilika, triptofani ya 163 kuwa sisteini, na kwa sababu hiyo ishara ya kipokezi chake ni dhaifu. Ungetarajia panya mtulivu. Mwaka 2003 kundi la Sakaguchi lilieleza kwamba panya huyu hupata ugonjwa wa viungo unaofanana na baridi yabisi ya watu. Ishara dhaifu imeharibu mtihani wa thaimasi: seli ambazo zingepaswa kufa kwa mshiko mkali zilionekana kama zenye mshiko mwepesi, zikapita, na seli dhibiti nazo zikapungukiwa. Panya wa SKG wakifugwa katika usafi mkubwa hawaugui; wakipewa sukari ndefu za ukuta wa fangasi, seli zao za dendriti huchangamka na viungo huvimba. Udhaifu wa ishara uliwaandaa, mazingira yakawasha. Kwa watu nako, badiliko la herufi moja tu kwenye jeni ya PTPN22, ambayo hutengeneza fosfatasi ya mnyororo huuhuu, huongeza hatari ya kisukari cha aina ya kwanza, baridi yabisi na lupasi kwa pamoja.

Dawa nazo zimetufundisha hivyo. Saiklosporini na takrolimasi hufunga kalsinurini, na bila hizo maelfu ya watu waliopandikizwa figo wasingekuwa nazo leo. Siwezi kuzisema vibaya. Lakini fikiria NFAT: kalsinurini ikifungwa, NFAT haiingii kiini kabisa. Hakuna mashambulizi, na pia hakuna aneji, maana aneji huandikwa na NFAT. IL-2 hupungua, na seli dhibiti hukosa chakula. Mgonjwa analindwa maadamu anameza dawa. Akiacha, kinga hurejea pale ilipokuwa, haijajifunza kitu. Sirolimasi, ambayo hubana mTOR na kuiacha njia ya kalsiamu wazi, huzipendelea seli dhibiti zaidi, ingawa ina madhara yake. Hata kukata ishara ya pili si jambo jepesi: abatacept, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa baridi yabisi, huziba CD80 na CD86 na kuwasaidia wengi, ila seli dhibiti nazo huishi kwa CD28. Panya wenye mwelekeo wa kisukari, walipozaliwa bila CD28, waliugua vibaya zaidi na mapema zaidi, kwa kuwa seli zao dhibiti zilipotea.

Kwa sababu hiyo jitihada ninazozifuatilia kwa matumaini makubwa ni zile zinazoongea na seli T badala ya kuiziba masikio. IL-2 kwa dozi ndogo ni mojawapo: kidogo mno kuweza kuamsha seli nyingine, lakini seli dhibiti zenye CD25 tele huinasa, na imekuwa ikijaribiwa kwa lupasi na magonjwa mengine. Iliyo mbele zaidi ni teplizumab, kingamwili ya maabara inayoshika CD3 yenyewe, yaani ile minyororo iliyoshikamana na kipokezi tuliyoanza nayo. Haikifungi kipokezi tu. Hukipa ishara pungufu, isiyo na msaada wa kutosha, na seli nyingi za CD8 baada yake huonekana zimechoka na kuwa bwete. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2019, watu 76 waliokuwa na dalili za damu kwamba kisukari cha aina ya kwanza kinakuja, lakini hawajaugua, walipewa dawa hii au maji yasiyo na dawa kwa siku 14. Waliopewa maji, nusu yao waliugua ndani ya miezi 24 hivi. Kwa waliopewa dawa, muda huo ulikuwa miezi 48. Marekani iliidhinisha teplizumab mwishoni mwa 2022. Siku 14 za ishara iliyopimwa vizuri, na seli zilezile zilizoponyoka thaimasi miaka mingi nyuma ziliacha seli za insulini kwa wastani wa miaka miwili zaidi.